Gari la Bi Helena na Mafuta ya Papa

Kwa babangu mpenzi, Mzee Famau, kisiwani Chovae.

Amani ya Mola na rehema zake zikushukie wewe na wote waliomo nyumbani mwako. Mkono wako naubusu nikiwa huku mbali, na wa Mama naubusu mara mbili, maana najua atauliza kwa nini yeye katajwa nyuma. Goti lako linaendeleaje? Dadangu Mwanaisha alinambia bado unapanda kwenye mashua za watu kwa kujivuta na kamba, na ukishafika juu unajifanya hukuchoka. Na jicho la Mama, yale matone ya daktari wa Kismayo yamemfaa, au ameyatia kabatini pamoja na dawa zote nyingine alizoapa kuzitumia? Mimi kwa afya sijambo, Alhamdulillahi. Kifua kilinibana wakati wa baridi, sasa kimeachia.

Utashangaa kupata karatasi badala ya sauti. Najua sauti zangu zinavyosikizwa hapo nyumbani: simu huwekwa juu ya mkeka, sauti ikaongezwa, na jirani akaitwa. Ninayotaka kukwambia leo siwezi kuyasema mbele ya mkeka mzima. Barua hii anakuletea Aboud, mwana wa shangazi, ambaye anaondoka Alhamisi kwa ndege mpaka Mombasa, kisha Lamu na Kiunga, avuke Ras Kamboni, na kutoka hapo apande boti yoyote inayokuja kwenu. Nimemwambia aitie mkononi mwako wewe, na nakuomba uisome peke yako. Nimeandika kwa herufi kubwa ili usihangaike na miwani.

Baba, nina aibu. Mwanao ana aibu mpaka chakula hakipiti. Sijui nianzie wapi, basi naanzia kwenye ile picha.

Ile picha ya mimi nimekaa ndani ya gari la kijani, mkono mmoja kwenye usukani, natabasamu kama bwana harusi. Niliituma na neno moja tu chini yake, "Alhamdulillahi", na baada ya hapo sikusema kitu. Mkafahamu mlivyofahamu. Mwanaisha akaipeleka Kismayo kwa wakwe zake, amu Lali akaionyesha Burgao kwa wanunuzi wa kamba, na wewe mwenyewe ukanitumia sauti ukicheka, "Gari la mwanangu halina paa! Mvua ikinyesha je?" Nami nikacheka nawe. Gari lile si langu, Baba. Halijapata kuwa langu hata kwa dakika. Ni la mwanamke mzee anayeitwa Bi Helena, na mimi ni fundi mbao katika gereji iliyokuwa ikilitengeneza. Mfanyakazi mwenzangu ndiye aliyenipiga picha, kwa mzaha, wakati wa chai. Ningekwambia siku ile ile, ungecheka vile vile. Nilinyamaza kwa sababu ilikuwa tamu kusikia unajivunia.

Hiyo ni aibu ndogo. Kubwa inakuja, lakini huwezi kuielewa mpaka nikueleze gari lenyewe.

Ni gari la spoti la zamani, la watu wawili tu, mguu wako usingeenea. Boneti lake ni refu kuliko sehemu wanayokaa watu, na limefungwa kwa mkanda wa ngozi kama sanduku la safari. Taa zake mbili zimesimama nje peke yake, na magurudumu yake yana spoku kama ya baiskeli. Ukiliwasha halianzi mara moja. Linakohoa, linanyamaza, linakohoa tena, kisha linanguruma sauti nzito ya kifua ambayo unaisikia miguuni kabla ya kuisikia masikioni. Magari ya siku hizi yanakwenda mbio kuliko hilo, hata teksi italipita. Lakini hakuna mtu atakayegeuka kuitazama teksi. Hili, tukilisukuma nje tu ili lipate jua, watu walikuwa wanasimama barabarani na mikoba yao, vizee vinatokwa na machozi, na mimi, sikufichi, nilikuwa nikifika kazini nalipangusa kabla ya kuvua koti.

Liliundwa kabla wewe hujazaliwa, katika karakana ndogo, na mafundi waliohesabika. Bati lake ni alumini, na lilifuliwa kwa nyundo juu ya mfuko wa mchanga, kipande kwa kipande, mpaka likapinda walivyotaka. Ndiyo maana ubavu wake wa kulia na wa kushoto hazilingani. Zinapishana nusu ya kidole, nimepima. Mwenyewe wa kwanza alikuwa kijana tajiri aliyelishindanisha kupanda vilima, kwani huku wana mashindano ya kupanda mlima kwa gari, mmoja mmoja, saa mkononi. Alipooa aliliuza. Likapita kwa watu, likaishia kwa mkulima aliyeliacha bandani, kuku wakataga kwenye kiti cha abiria. Mume wa Bi Helena, wakati huo mchumba wake, ndiye aliyelikuta humo. Alilivuta kwa trekta mpaka kwao, akalihangaikia miaka, na siku walipooana wakaondoka nalo. Nilipovunja sakafu nilikuta chini ya kiti kibanio cha nywele kimeshika kutu. Nikampelekea Bi Helena, aliyekuwa amekaa ofisini anakunywa chai. Akakishika, akasema, "Hiki nilikitafuta siku nzima. Tuligombana kwa ajili yake." Mume wake amefariki sasa.

Sasa sikiliza, Baba. Ukibandua ile alumini hukuti chuma. Unakuta mbao! Gari zima ndani ni mataruma, mbao za mbavu kama za mashua. Zimepangwa mbavu kwa mbavu kama tunavyopanga sisi, zimeungwa kwa misumari ya skrubu na gundi, na bati limevishwa juu yake kama nguo. Ni mti wao mweupe, wenye nyuzi ndefu, unaopindika bila kuvunjika. Kwenye ubao mmoja wa nyuma nilikuta alama za penseli za fundi wa zamani, mshale na neno "kushoto", kama wewe unavyoandika kwa mkaa. Nilikaa chini, Baba. Miaka yote niliyokaa nchi hii nimefanya kazi za watu, nimebeba mizigo, nimeosha vyombo, nimekaa na watu wasiojua hata mkono wangu unaweza nini. Ndipo siku hiyo nikaona kazi yangu iko mbele yangu.

Na mbao zilikuwa zimeoza. Kwa nje rangi inameta, ndani unatia kidole kinaingia. Tajiri wa gereji, Bwana Kolini, alishika kichwa. Fundi wao wa mbao alikuwa amestaafu. Nikamwambia mimi nitaziunda. Akaniuliza nimejifunza wapi, nikamwambia kwa babangu, nje ya kambi ya wakimbizi pale pwani ya Kenya, tulipokuwa tukiunda mashua za watu kwa mbao za kuokoteza. Akanipa randa. Niliziunda, Baba. Miezi mitatu. Kila taruma nililipinda kwa mvuke na kulichonga kwa jicho, na alumini tulipoijaribu juu yake ilikaa bila kugombana. Bwana Kolini aliita watu waje kuona.

Hapo ndipo nilipokutumia sauti nikajigamba kwamba gari "langu" lina mbao ndani. Nawe ukanijibu. Nimeisikiliza sauti yako mara nyingi hata naijua kwa moyo: "Shee mwanangu, ubao ni ubao. Mchu wa huko hayui. Upake mafuta ya papa ndani na nde, uwate unywe, kisha upake tena. Hautaoza." Ukakohoa kidogo, ukamalizia, "Usimwambie mchu, fanya tu, wataona wenyewe."

Nikafanya. Papa huku sikumpata, lakini wanauza mafuta ya maini ya samaki wa baridi, kwenye madumu, kwa ajili ya kulishia farasi. Usicheke. Nikanunua madumu mawili, nikaenda gereji Jumamosi wakati hakuna mtu, nikapaka mbao zote, ndani na nje, kila kiungo, mara tatu, kila mara nikiziacha zinywe, kama ulivyonifundisha nikiwa mdogo. Baridi ilikuwa kali hata mafuta yalikuwa mazito kama samli. Hayakunuka. Nakuapia, hayakunuka zaidi ya mkono uliovua. Na mimi pale, mikono imejaa mafuta mpaka viwiko, nilikuwa na furaha sijui nikuelezeje. Nilihisi uko nyuma yangu unanikosoa. Jumatatu tukafunga alumini, likapigwa rangi, likaenda kwa fundi wa viti.

Fundi wa viti ni Tomasi. Huyu ndiye niliyemkosea.

Tomasi ni Mpolandi, amepita miaka sitini, mwembamba, ana masharubu meupe na hasemi sana. Alikuwa na Bwana Kolini tangu gereji inafunguliwa. Ngozi anaikata kwa kisu cha nusu mwezi, na mshono wake huwezi kuingiza unywele. Nilipoingia kazini mimi, wengine walikuwa wakinisalimu kwa kichwa tu, yeye ndiye aliyenisogezea kiti mezani. Alikuwa anaweka kando mkate usio na nguruwe, anauandikia "Shee" juu ya karatasi, halafu anatoka nje kuvuta sigara asionekane amefanya wema. Mwezi wa Ramadhani alikuwa hali chakula mbele yangu. Sikumwomba.

Kiangazi kikafika. Mjukuu wa Bi Helena alikuwa anaoa, na Bi Helena alikuwa na ombi moja tu tangu siku ya kwanza, kwamba maharusi watoke kanisani ndani ya gari lile kama yeye na mumewe walivyotoka. Siku hiyo ilikuwa ya joto kali, joto la kwetu kabisa. Gari liliegeshwa juani tangu asubuhi, limefungwa utepe mweupe. Mimi na Tomasi tulialikwa, tumevaa suti. Injini ikawashwa, ekzosi, lile bomba la moshi, ikapata moto, na ekzosi yenyewe inapita chini ya zile mbao.

Baba, unajua wakati amu Lali anapopika maini ya papa kwenye pipa, na upepo ukageuka? Ilikuwa hivyo, kanisani, juu ya shela ya bibi harusi. Mashua inapigwa na upepo na mawimbi siku zote, mafuta yanakauka, harufu inakwenda zake. Hili nililifungia mafuta ndani ya bati, nikalitia moto chini. Ni kosa la mtu wa pwani tu, hakuna fundi mwingine duniani angelifanya. Bibi harusi aliketi, akaziba pua, akajikaza, kisha akashuka mbio akatapika ukutani. Wakaondoka kwa gari la mjomba. Bi Helena alibaki amesimama kando ya gari la mumewe, ameshika kibeti kwa mikono miwili.

Jumatatu Bwana Kolini alituita. Aliinama akanusa viti, akasema, "Ni ngozi." Maana ngozi nyingine, Baba, hulainishwa kwa mafuta ya samaki, ni jambo linalojulikana katika kazi yao, na fundi akinunua ngozi mbovu hunuka hivyo.

Tomasi akasema, "Ngozi yangu hainuki."

"Basi kinanuka nini?"

"Sijui. Ngozi yangu hainuki."

Bwana Kolini akanigeukia. Alikuwa hana ubaya, nataka ujue hivyo. Akaniuliza, "Shee, wewe umekulia kwenye samaki. Nusa, unambie hii ni nini."

Nikainama. Nikanusa. Na nikasema, "Nadhani ni ngozi."

Nimeandika. Sasa neno limo kwenye karatasi na siwezi kulirudisha.

Utaniuliza kwa nini. Mimi nimejiuliza kila siku. Si kazi niliyoiogopea, kwani Bwana Kolini angenikemea tu tukapangusa mbao. Pale alipotamka neno samaki, mbele ya watu wote, nilirudi shule ya Mombasa, wakati wale watoto walipokuwa wakiziba pua tukipita na kusema Wabajuni wanakuja. Nilitaka nisiwe mimi. Nilitaka nisiwe mtu wa mafuta ya papa. Niliona haya kwa harufu iliyonilea na kunivika nguo, na kwa hiyo niliona haya kwako wewe, Baba, maana mikono yako inanuka hivyo tangu nazaliwa. Uliyonifundisha kwa mapenzi nikayakana kwa neno moja, na nikamtwisha mtu mwingine.

Tomasi alinitazama. Hakukasirika. Alitazama tu, kisha akachukua kisu chake, akang'oa viti vyote alivyovishona na kuvivisha upya kwa ngozi nyingine, wiki mbili. Mimi nikapita kando yake na mbao zangu. Viti vikarudi, gari likawekwa juani, likanuka vile vile. Bwana Kolini alikuwa na wasiwasi wa jina la gereji, kwa sababu habari ya harusi ilikwishazagaa kwa wenye magari ya namna ile, na wote wanajuana. Akamwambia Tomasi maneno ambayo mtu mzima haambiwi, kwamba macho yake yamechoka na mikono yake imechoka. Tomasi akakunja ovaroli lake, akaliweka juu ya meza, akatoka. Mkate wangu wa siku hiyo alikuwa ameshauweka.

Nilikaa miezi miwili hivyo. Nilikuwa nikiswali na kichwa changu kikirudi gereji. Nikasikia Tomasi hapati kazi ya viti popote, anashona mapazia kwenye duka moja, yeye aliyevisha magari yanayowekwa kwenye maonyesho. Kila nikitaka kusema, nilichukua randa nikarudi kwenye mbao. Mwishowe kilichonifungua ni jambo dogo. Bwana Kolini alileta mteja kumwonyesha gari, akabandua kipande cha alumini mlangoni ili aone mataruma. Yule mteja alipitisha kidole kwenye ubao akasema hajapata kuona mbao zilizo hai namna ile. Bwana Kolini akanipiga begani, akasema, "Huyu ndiye fundi."

Nikamwambia palepale, mbele ya mteja. Kila kitu, madumu ya farasi na yote. Bwana Kolini aliketi juu ya gurudumu. Hakunifukuza, na afadhali angenifukuza. Alisema, "Nilimwambia macho yake yamechoka," akarudia tena, kama mtu anayesoma barua ya msiba. Kisha akapiga simu kwa Tomasi. Tomasi alimsikiliza, akamshukuru, akakata.

Kwa Bi Helena nilikwenda mwenyewe. Alinisikiliza hadi mwisho, akaniuliza, "Na mbao zitaoza?" Nikasema hazitaoza. Akasema basi gari litaishi kuliko sisi sote, linuke lisinuke, na kwamba mumewe naye hakuwa mtu wa marashi. Lakini alipokuwa akinifungulia mlango nikaona macho yake, na nikajua siku ile ya harusi hairudi. Nimezibandua alumini zote tangu wakati huo, wakati wangu wa mapumziko, nimeosha mbao kwa magadi na vumbi la randa, nimezipaka mafuta ya mbegu ya kitani wanayotumia wao. Harufu imebaki kidogo. Ukiweka pua utaijua.

Jana baada ya swala ya alasiri nilikwenda nyumbani kwa Tomasi. Anakaa ghorofa ya tatu, ngazi nyembamba. Alifungua mlango nusu. Nikasema yote niliyokuja nayo, kwa Kiingereza changu, nimesimama kwenye ngazi. Hakunikatiza. Nilipomaliza nikanyoosha mkono, na mkono ukabaki hewani.

Akaniuliza, "Nani alikufundisha mafuta yale?"

Nikasema, "Babangu."

"Yeye anajua uliyoyafanya?"

Nikasema hajui.

Halafu akasema, "Mimi nilijua siku ile ya kwanza, uliponusa. Ngozi nimeishika miaka arobaini, nitashindwa kujua yanayotoka kwenye ngozi na yanayotoka kwenye ubao? Nilingoja useme. Nilivisha viti upya ili upate muda wa kusema." Akaendelea, "Mimi umenisemea uongo mara moja. Yeye umemsemea uongo zaidi, umeyakana mafuta yake, na ni baba yako. Nenda ukamwambie yeye kwanza. Halafu uje."

Akafunga mlango, taratibu, bila kuubamiza.

Nisalimie Mama, lakini usimsomee haya, au msomee akishakula. Nisalimie Mwanaisha na mumewe wa Kismayo, na uwaombe radhi kwa niaba yangu kama wameaibika kwa wakwe. Amu Lali wa kalafati, mziba nyufa za mashua, mpe salamu zangu kwa mkono, na umwambie namkumbuka anavyotukana msumari uliopinda. Mwalimu wa chuo aliyetusomesha Juzuu nisalimie kwa adabu, na yule shangazi mfuma mikeka, na jirani yetu mwenye kisima, na wote wanaoniulizia kwa wema.

Baba, mafuta yako hayakuwa na kosa. Kosa ni langu mimi niliyeyapaka mahali pasipo pake, na kisha nikayaonea haya. Mashua zako zote ziko majini mpaka leo na hakuna hata moja iliyooza. Naomba radhi yako, na najua radhi haiombwi kwa karatasi, lakini sina njia nyingine mpaka Mola atukutanishe. Kama bado ni mapema mno kunipa, sitalalamika. Ninachokuomba kwa haraka ni neno moja tu kupitia kwa Aboud, kwamba barua imekufikia na umeisoma yote. Tomasi hakuniambia nimpelekee msamaha wako. Anataka kujua kwamba umejua.

Ni mimi mwanao,
Shee Famau